Nyongeza ya Mwanamvua

Hapo zamani, na msidhani zamani ilikuwa na watu wema kuliko hawa wa leo, palikuwa na mji uitwao Kwamunyu. Mji ule haukulima. Ungelima nini, na ardhi yenyewe ilikuwa chumvi tupu? Ukipanda muhogo, unakauka. Ukipanda mtama, unachomoza kidogo, unageuka manjano, unalala chini. Kwa hiyo watu wa Kwamunyu walikwangua udongo, wakauchuja, wakachemsha maji yake vyunguni mpaka chumvi ikabaki. Chumvi ikapanda milimani, mtama ukashuka mjini. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hivyo ndivyo walivyozikana.

Basi mtu wa maana katika mji ule hakuwa mpika chumvi, maana kupika chumvi kila mtu alijua. Mtu wa maana alikuwa mnunuzi: yule anayepanda na chumvi ya watu, akarudi na chakula cha watu. Akinunua vizuri, watu wanakula. Akinunua vibaya, watu wanakaa wakitazamana.

Mwaka wa hadithi hii mvua za milimani zilichelewa, na mavuno yakachelewa nazo. Ghala la mji likabaki na vumbi na panya, kisha panya nao wakahama. Jumbe Mbaruku, mkubwa wa mji, akawaita watu barazani baada ya sala ya Ijumaa.

"Miaka yote tumewalipa wanunuzi sawasawa," alisema. "Hodari na mvivu, kipimo kimoja. Ndiyo maana wanarudi na vimizigo viwili vitatu wakitwambia njia mbaya, njia mbaya. Mwaka huu kila mtu atalipwa kwa namna yake."

Akamwita Shomari. Huyu alikuwa mzee aliyezeekea katika kazi ile. Alikuwa akiuma punje moja ya mtama anakwambia ilivunwa kabla ya mvua au baada ya mvua.

"Mzee Shomari, wewe tunakodi ulimi wako. Utapewa mizigo mitatu. Ukinunua kingi, mitatu. Ukinunua kidogo, mitatu."

"Nashukuru, Jumbe," alisema Shomari, akakaa.

Akamwita Pazi. Huyu alikuwa kijana mwenye shingo kama kinu, mbishi, mwepesi wa kucheka.

"Wewe Pazi tunakodi miguu yako. Kila mizigo kumi utakayofikisha hapa, mmoja wako."

"Na nikifikisha mia?"

"Kumi yako."

"Basi, Jumbe, anza kujenga ghala la pili."

Watu wakacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi.

Akabaki Mwanamvua. Alikuwa mjane, na mama yake alizaliwa milimani, kwa hiyo alijua lugha ya kule na namna ya kuwaamkia watu wa kule. Asipokuwapo yeye, wauzaji waliwatazama watu wa Kwamunyu kama kunguru walioingia uani.

"Na mimi, Jumbe? Mnakodi nini?"

Mzee mmoja wa barazani, Mzee Kombo, akadakia kabla Jumbe hajafungua kinywa. "Mwanamke halipwi ujira wa ununuzi. Mkimlipa leo, kesho ataomba atandikiwe mkeka hapa."

Jumbe akakuna kidevu. "Bi Mwanamvua, wewe utakula nyongeza."

Mnajua nyongeza. Kila pishi inapopimwa, muuzaji muungwana huongeza ukufi mmoja, kile kinachojaa kiganjani, akautia juu ya kipimo. Hakuna wa kumlazimisha; ni wema wake. Miaka yote ukufi ule ulimwagwa humo humo kwenye mizigo ya mji, hakuna aliyeufikiria.

"Utakachoongezwa ni chako," alisema Jumbe. "Usipoongezwa, umetembea."

Mwanamvua akasema, "Haya."

Alisema haya kwa sababu nyumbani alikuwa na binti, Mashavu, aliyejifungua mwezi ule ule. Mume wa Mashavu alikwenda kutafuta kibarua nchi za mbali na habari zake hazikurudi. Kitoto, Mwinjuma, kilinyonya titi lisilo na kitu, kikaliachia, kikalia, kikalirudia. Mkunga alikuwa amesema maneno machache: "Mama akila, mtoto ataishi. Mama asipokula, msiniite tena." Maneno hayo ndiyo aliyobeba Mwanamvua alipoondoka Kwamunyu, nayo yalikuwa mazito kuliko chumvi.

Wakaenda. Wakapanda, wakalala, wakapanda tena. Shomari alitembea taratibu, kwa sababu taratibu ilimlipa sawa na haraka. Pazi alikimbia mbele, akarudi nyuma, akawatukana wapagazi, akawachekesha, akawasukuma, kwa sababu kila mgongo ulikuwa sehemu ya mali yake. Mwanamvua alitembea katikati, kimya, akitazama kiganja chake na kuona kilivyo kidogo.

Walipofika walikuta mtama umevunwa mvua ikinyesha. Shomari akachukua punje, akaiuma. Punje kavu hupasuka na mlio wake unasikika. Ile ilibonyea tu.

"Mbichi," alisema. "Ukifungwa kwenye makanda haya ya ukindu hivi ulivyo utachemka wenyewe. Tuuanike kwanza, ndipo tupime."

Pazi akacheka. "Mzee wangu, meno yamebaki matatu. Unajuaje kama ni mtama mbichi au ni fizi zako?"

"Fizi hizi zimemlisha baba yako."

"Sawa, zimemlisha. Sasa jua la kuanikia liko wapi? Tazama juu! Tukikaa hapa, mto utajaa, tutafungiwa upande huu na mtama wetu mkavu, na wao kule wanachimbiana makaburi. Na wale je?" Akaonyesha wanunuzi wa miji mingine waliokuwa wakipima kwa fujo. "Wale hawaaniki. Wakimaliza wao, sisi tutanunua mabua?"

Maneno ya Pazi yalikuwa na kweli ndani yake. Ya Shomari nayo yalikuwa na kweli. Hapo ndipo palipohitaji mtu wa kugombana, wa kusimama juu ya makanda na kusema hapimi mtu hapa. Lakini Shomari alisema mara moja tu. Alipoona hasikilizwi, akakaa kivulini akatoa tumbaku yake. Mizigo mitatu ilikuwa mitatu, agombane asigombane.

Pazi akageuka. "Shangazi, wewe ndiye mwenye lugha ya watu hawa. Wasemaje? Tupime, tusipime?"

Mwanamvua alikuwa ameshauma punje yake pembeni, mtu asione. Meno yake yalikuwa mazima, nayo yalimwambia lile lile aliloambiwa Shomari na yake. Akafungua kinywa aseme. Kisha akawaza: kila pishi, ukufi mmoja. Pishi zisipopimwa, ukufi hautoki. Akasikia masikioni kile kilio kidogo cha nyumbani, kinachoanza na kukoma na kuanza.

"Pimeni," alisema.

Wakapima.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa milimani. Kule nyongeza haichotwi kwenye fungu la kuuza. Muuzaji wa kwanza, mama mmoja aitwaye Mama Mkude, alipomaliza kupima aliingia ndani, akatoka na ukufi wa mtama mwekundu, mkavu, uliokaa darini juu ya moshi wa jiko tangu mavuno ya mwaka uliopita.

"Cha kuuza nimekuuzia," alimwambia Mwanamvua kwa lugha yao. "Zawadi natoa katika chungu ninachokula mwenyewe. Nikikuzawadia kutoka fungu la biashara, hapo nitakuwa bado nafanya biashara."

Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Mwanamvua akawaamkia, akawauliza hali za wazee wao, akawapa pole ya mvua, na kila aliyeamkiwa akaingia ndani akatoka na ukufi kwa kila pishi. Na wao walikuwa na njaa yao, msisahau. Mama Mkude akampa kiriba cha ngozi ya mbuzi, cha kuchotea maji, atilie humo. Kikajaa mpaka kikakaa kama mbuzi mwenyewe aliyelala.

Siku ya kufunga mizigo, wapagazi wakagoma. Kila mmoja alikuwa na kanda lake, na kiriba kilikuwa hakina mgongo.

"Kimwage humu humu ndani ya makanda, shangazi," alisema Pazi. "Tukifika utapimiwa chako, sitakudhulumu."

Mwanamvua alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Shomari, aliyekuwa amenyamaza tangu siku ile ya kwanza, akamshika mkono.

"Usichanganye, Bi Mwanamvua. Kikavu kikiingia katika kibichi, kibichi hakikauki. Vyote vinaoza. Kibebe mwenyewe. Ukichoka, nitakupokea."

Akakibeba. Alipochoka, mzee yule akampokea kweli, huku akikohoa.

Mto walikuta umejaa, kama Pazi alivyosema. Ikafungwa kamba, mti wa huku na mti wa kule. Wapagazi wakavuka mmoja mmoja, makanda vichwani, maji vifuani. Mwanamvua alipofika katikati mguu ukateleza. Kiriba kikaenda na maji, naye akaenda nacho, kwa sababu hakukiachia.

Pazi alikuwa mbele yake, na kichwani alikuwa na mzigo aliojichagulia uwe wake. Akautupa. Hakuuliza, hakuita mtu, aliutupa tu ukazama, akajitosa. Akamshika mwanamke kwa nguo na kiriba kwa mguu wa ngozi, akawaburuta wote wawili mpaka ukingoni.

Mwanamvua akatapika maji. Neno lake la kwanza likawa, "Kiriba?"

"Kizima, shangazi," alisema Pazi, akihema kama ng'ombe. "Ukipata nafasi, niulize na mimi."

Kiriba ni chombo cha maji. Kisichotoa maji hakiingizi maji. Mtama wa ndani haukulowa hata punje.

Wakaendelea. Siku ya pili baada ya mto, mpagazi mmoja akatua mzigo wake njiani, akarudi nyuma hatua kadhaa akiutazama.

"Mzigo wangu una homa," alisema.

Wakaweka mikono. Kanda lilikuwa la moto. Wakaweka mikono kwenye la pili, na la tatu, yote ya moto, na ndani yakitoa harufu kama ya pombe inayoumuka. Pazi akamtazama Shomari. Shomari akatazama njia. Pazi akapiga kelele, "Haya, twendeni, twendeni!" na sauti yake haikuwa tena ya kuchekesha. Walipouona mji, ukungu wa kijani ulikuwa umeshachungulia kwenye matundu ya ukindu.

Kwamunyu walikuwa na desturi moja waliyoishika kama sala. Mzigo wa safari haufunguliwi, wala haupitishwi nyumbani kwa mtu, mpaka utuliwe barazani mbele ya Jumbe na usomewe dua. Anayefungua kabla ya dua ameiba, hata kama alichofungua ni chake.

Na nyumba ya Mwanamvua ilikuwa kandokando ya njia, kabla ya kufika barazani.

"Bi mkubwa," mpagazi mmoja alimnong'oneza, "pita kwako utue. Sisi tunatazama mbele."

Mashavu alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo, kitoto begani. Kitoto hakikuwa kikilia.

"Mama, umerudi."

"Nimerudi, mwanangu. Teleka maji. Natua mzigo barazani tu. Dua ikishasomwa nakuja."

Mwanamvua alikuwa mtu wa kumcha Mungu. Hakutaka mjukuu wake aanze maisha kwa uji wa wizi. Akapita mlango wake mwenyewe, na kiriba kichwani.

Barazani mji mzima ulikuwapo. Wengine walikuja wakishikiliwa. Dua ikasomwa, watu wakaitikia amina kwa sauti nene, kisha kanda la kwanza likafunguliwa. Ndani mlikuwa na bonge moja, jeusi na kijani, likitoa mvuke. Likafunguliwa la pili. Likafunguliwa la tatu. Jumbe akaamuru yafunguliwe yote kwa pamoja, na mama mmoja akaanza kulia taratibu, kama mtu anayepiga mswaki asubuhi, bila haraka. Waliojaribu kukwangua na kutafuna walitapika pale pale.

Kikabaki kiriba. Jumbe mwenyewe akafungua kamba. Ukatoka mtama mwekundu, mkavu, unaonukia moshi wa jiko la watu. Akakifunga tena haraka, kama aliyefunua uchi.

Mwanamvua akainama kukichukua. "Hiki ni changu, Jumbe. Maji yako motoni."

"Ngoja kwanza, Bi Mwanamvua."

"Ningoje nini?"

"Pishi zilipimwa kwa chumvi ya nani? Ya mji. Nyongeza imezaliwa na pishi, na pishi ni ya mji. Mbuzi wangu akizaa malishoni, mtoto ni wangu au wa mchungaji?"

"Ulisema mbele ya watu: utakula nyongeza. Mlisikia wote. Hamkusema ikiwa mbaya ni yangu, ikiwa nzuri ni ya mji."

Shomari akasimama. Alisema akitazama chini. "Naona haya kusema, lakini nyumbani nina wajukuu na mke kitandani. Mimi niliahidiwa mizigo mitatu, ninunue nisinunue. Ghalani hamna kitu. Ahadi hulipwa kwa kilichopo, na kilichopo ni hiki. Na kama si mkono huu uliomzuia asichanganye, hata hiki kingekuwa ukungu. Nadhani Bi Mwanamvua hatakataa."

"Kwamba ulinizuia, sikatai," alisema Mwanamvua.

Pazi akaruka juu. "Na mimi je? Mzigo wangu niliutupa mtoni kwa mkono wangu mwenyewe! Kama si mimi, kiriba hicho na mwenyewe vingekuwa chakula cha mamba. Tena mlisema kila mizigo kumi itakayofika, mmoja wangu. Hii hapa imefika. Mlisema ifike. Nani alisema ifike mizima?"

"Ptuu!" watu walizomea. "Una uso wa jiwe wewe!"

"Nina uso wa njaa, kama wako!"

Ndipo akasimama yule mama aliyekuwa akilia, Bi Hidaya, mwenye watoto wengi. Hakupandisha sauti. "Mimi sikununua, sikubeba, sikuvuka mto. Watoto wangu hawakununua. Sina neno la kudai. Basi wafe kwa sababu sina neno?"

Macho ya watu yakarudi kwenye kiriba.

Mwanamvua akapiga magoti mbele ya Jumbe, mwanamke mtu mzima, nguo yake bado na tope la mto. "Jumbe, gombaneni mpaka kesho. Nipeni ukufi mmoja tu, wa uji wa leo. Mmoja tu, kisha mjadili."

Jumbe akatazama watu. Watu walikuwa wamesogea. Mikono ilikuwa imetoka kwenye nguo. "Nikifungua kwa mkono mmoja," alisema polepole, "mikono yote itaingia."

Mwanamvua akamtazama Shomari. Shomari akainamisha kichwa. Akamtazama Pazi. Pazi akaanza, "Mpeni bwana, ukufi mmoja ni..." Mama yake mzazi, aliyesimama nyuma yake akitetemeka kwa udhaifu, akamfinya mkono. Pazi akameza maneno.

Ikaadhiniwa magharibi. Kiriba kikafungiwa chumbani kwa Jumbe, maneno yakaahirishwa. Mwanamvua akarudi nyumbani mikono mitupu. Maji yalikuwa yamekauka chunguni. Mashavu hakuuliza kitu, na hilo lilimuuma kuliko kama angeuliza.

Kulipokucha wakakaa tena barazani. Maneno yakawa yale yale: chumvi ya nani, mkono wa nani, mto wa nani. Shomari alikuwa anasema mara ya pili, anaeleza jinsi kikavu kinavyofuata kibichi, alipotokea mkunga. Hakuingia barazani. Alisimama juani, akasema, "Bi Mwanamvua, njoo nyumbani."

Shomari akaacha neno lake katikati. Kila mtu alielewa.

Mwinjuma alizikwa kabla ya alasiri. Pazi ndiye aliyechimba, na halikuwa shimo kubwa. Shomari ndiye aliyeosha. Jumbe ndiye aliyeswalisha. Kisha watu wakarudi barazani, kwa sababu kiriba kilikuwa bado kipo. Msiwalaani. Njaa haikai matanga.

Jumbe akakitoa, akakiweka mbele ya Mwanamvua. "Chukua, Bi Mwanamvua," alisema, na hakumtazama usoni. "Chukua chako."

Yule Mzee Kombo akakohoa. "Jumbe, subiri. Tumlilie mwenzetu, sote tunalia. Lakini kweli isemwe. Jana nyumba ile ilikuwa na watu watatu, leo wawili. Haja yake imepungua. Kwa Bi Hidaya bado wako wote."

Hakuna aliyemkemea. Hilo ndilo lililotisha. Hawakumkemea kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameshawaza vile, akaona haya, akasubiri asemewe.

Mwanamvua akasimama. Watu walidhani atalaani.

"Nina jambo la kusema," alisema. "Mtama ule mbichi niliuuma. Nilijua. Pazi aliniuliza mimi, hakumuuliza mwingine, na ningesema hapana angenisikia. Nikasema pimeni. Kila pishi ilikuwa ukufi wangu. Kiriba hiki kimejaa kwa neno langu moja, na makanda yale yameoza kwa neno lile lile. Nimewanyima watu wa mji huu nimlishe mjukuu wangu, na mjukuu hakula. Mungu anisamehe. Nyinyi sijui."

Shomari akajifunika uso kwa kanzu. "Mimi nilisema mara moja," sauti yake ilitoka ndani ya kitambaa. "Mara moja tu. Nikakaa kivulini."

"Na mimi nilikimbia!" Pazi alipiga kelele, machozi yakimtoka. Akamgeukia Jumbe, akamnyooshea kidole, jambo ambalo kijana hafanyi. "Lakini wewe je? Mzee ulimlipa akae. Mimi ulinilipa nikimbie. Shangazi ukamwambia aombe kwa wauzaji. Ulikuwa unataka nini, Jumbe? Ulikuwa unataka nini hasa?"

Jumbe Mbaruku akainama, akashika kamba ya kiriba.

"Nilitaka mle," alisema.

Kule nyumbani Mashavu alikuwa amelala akitazama ukuta, hajala. Mama yake Pazi alikuwa ameshakaa chini, miguu haimchukui. Bi Hidaya alikuwa amewakusanya wanawe mapajani. Na kiriba ni kimoja. Kikigawiwa mji mzima, kila nyumba itapata ukufi mmoja, na ukufi haumfikishi mtu mwezi mpya, mto utakapopungua watu wapande tena. Kikipewa nyumba moja, nyumba hiyo itaishi, ikisikiliza zile nyingine zikinyamaza moja baada ya moja.

Basi nyinyi mnaosikiliza, mliokula mchana wa leo, msikimbilie kusema wagawane, maana nimewaambia kugawana ni nini. Wala msiseme apewe mwenye haki, maana mmewasikia wenyewe, hakuna aliyebaki na haki isiyo na doa. Yuko aliyepewa kwa uungwana wake, naye ndiye aliyesema pimeni akijua. Yuko aliyekikinga kwa neno ambalo kwa mji alilisema mara moja tu, akakaa. Yuko aliyekitoa majini kwa mkono ule ule ulioharibu vingine vyote. Uko mji wenye chumvi, na Jumbe wake aliyepanga ujira. Na yuko mama asiye na dai lolote ila watoto. Jumbe ameshika kamba ya kiriba. Hajui aifungue akielekea wapi, na anakutazama wewe.

Je, nani alistahili?